Triptasi husomwa pamoja na saa: kwa wenye ugonjwa wa seli masti, kabla ya kupanda ndege

Tuseme mama wa Kondele, Kisumu, ameumwa na nyuki saa nne asubuhi. Dakika kumi hazijaisha, mwili mzima unamwasha, uso umewaka, tumbo linamkata, kisha anazirai. Anakimbizwa hospitali, anadungwa adrenalini, anapata nafuu. Damu inachukuliwa kupimwa triptasi, na siku kadhaa baadaye jibu linarudi: 8.5 (nanogramu kwa mililita). Kando yake maabara imechapa kiwango cha kawaida, hadi 11.4. Anaambiwa hana neno, aende nyumbani.

Jibu hilo limesomwa nusu. Triptasi ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli masti, zile seli za kinga zilizotapakaa kwenye ngozi, utumbo, njia za hewa na kandokando ya mishipa ya damu. Zikichokozwa, humwaga histamini na triptasi kwa mkupuo mmoja. Lakini kila mtu ana kiwango chake cha siku ya utulivu, na huyo mama hulinganishwa na yeye mwenyewe, si na watu wengine. Hesabu tunayotumia ni hii: kiwango cha utulivu, jumlisha asilimia 20 yake, jumlisha 2. Akirudi kupimwa baada ya angalau saa 24 tangu dalili zote ziishe, akakutwa na 5, basi kikomo chake ni 8. Ile 8.5 iliyoitwa ya kawaida ilikuwa imepanda, na maana yake seli masti zilimwaga.

Damu ya kwanza ichukuliwe kati ya dakika 30 na saa 2 tangu dalili zianze. Ikishindikana, zisipite saa 4 tangu zianze, kwa sababu triptasi hupungua nusu takriban kila saa 2. (Sindano ya adrenalini haisubiri damu hata dakika moja.) Na hapa kuna mtego wetu wenyewe wa lugha. Mgonjwa husema "saa nne", karani akaandika 4:00, na anayesoma fomu akaamini damu ilitoka saa sita baada ya tukio au kabla yake. Andika 10:00 asubuhi, kwa mkono wako ikibidi.

Swali linalonifikia mara nyingi: niache dawa za mzio kama Piriton au setirizini kabla ya kupima? Kwa triptasi, hapana. Dawa hizo haziibadilishi, na kuziacha ghafla kunaweza kukuletea shambulio. Huachwa kwa siku kadhaa kabla ya kipimo cha mzio cha kuchoma ngozi, tena kwa maelekezo ya daktari.

Kiwango cha utulivu kikizidi 20, daktari hushuku mastositosisi, yaani seli masti zimezaliana kupita kiasi. Kwa watu wazima wengi wenye ugonjwa huo hupatikana badiliko la jeni ya KIT liitwalo D816V. Si kila kiwango cha juu ni mastositosisi, lakini: figo zilizochoka hupandisha triptasi, na wapo waliorithi nakala za ziada za jeni yake. Ndiyo maana wengine hupelekwa kuchukuliwa uboho kwenye mfupa wa nyonga, na kwa mkazi wa Kisumu hilo laweza kumaanisha safari ya Nairobi au ng'ambo.

Wagonjwa wengi huogopa ndege kwa sababu ya kimo. Hofu hiyo naona imezidishwa. Hewa ndani ya ndege ya abiria hushikiliwa kama ya kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Nakuru iko karibu mita 1,850, Eldoret karibu 2,100, na aliyepita Timboroa kwa matatu amefika juu zaidi ya hapo. Kinachowachokoza wengi ni mambo ya kabla ya kuruka: kukosa usingizi, njaa, wasiwasi, jua la Kisumu unapotembea uwanjani kuelekea ngazi, mkanda wa begi unaosugua bega, halafu bia ya kutuliza roho. Kichwa kikiuma, usimeze tu aspirini, ibuprofeni au diklofenaki kama hujawahi kuthibitisha kwamba unazivumilia.

Adrenalini ikae nawe mkononi, si kwenye mzigo wa chini ya ndege, ambako baridi inaweza kuiharibu. Isiachwe pia kwenye dashibodi ya gari. Huhifadhiwa chini ya nyuzi 25, mbali na mwanga, na ikigeuka rangi hutupwa. Ukiwa na ampuli na bomba badala ya kalamu ya kujidunga, daktari akuandikie kipimo chako na muuguzi akufundishe wewe na unayesafiri naye mpaka mkono uzoee: misuli ya paja, upande wa nje. Dalili zikianza angani, waite wahudumu mapema. Ukidungwa, ulazwe chali miguu ikiinuliwa. Ukipumua kwa shida, kaa, miguu ikinyooshwa. Usisimame kwenda msalani. Bila nafuu baada ya dakika 5, dozi ya pili. Piriton hupunguza muwasho. Haiinui shinikizo la damu lililoanguka.

Barua ya daktari itakuvusha ukaguzini ukiwa na sindano, lakini kazi yake kubwa iko hospitalini uendako. Itaje jina la ugonjwa, kiwango chako cha utulivu na tarehe kilipopimwa, na dawa zilizowahi kukudhuru, hasa mofini, kodeini, dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji na dawa ya rangi ya picha za CT. Chini kabisa aongeze ombi moja: mgonjwa akipata shambulio la mzio akiwa huko, ipimwe triptasi, na saa iandikwe.