Antena za ndege: dhana tatu zinazowapoteza mafundi

Dhana: VHF, redio ya mawasiliano ya rubani, iko kati ya megahezi 118 na 137; GPS, inayoonyesha mahali kwa setilaiti, iko 1575.42. Haziwezi kuingiliana.

Zinaweza. Kila transmita hurusha pia harmoniki, yaani vizidishi vya masafa yake. Zidisha 131.3 kwa 12 upate 1575.6, zidisha 121.175 kwa 13 upate 1575.275. Hapo ni mlangoni pa GPS kabisa.

Chukua ndege ndogo iliyoegeshwa Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi, antena zote mbili juu ya paa, mita 2 kati yake. Redio ya wati 10 ni dBm 40 (dBm hupima nguvu ya ishara, dB hupima tofauti ya nguvu). Tuseme redio yenyewe inapunguza harmoniki kwa dB 60: inabaki dBm −20. Umbali ule unakula dB 42, kwa hiyo inayofika ni dBm −62. Ishara ya setilaiti ya GPS ni takriban dBm −130. Tofauti ni dB 68, mara milioni 6! Wengi hukosea hapa kwa kutumia masafa ya VHF kwenye hesabu ya umbali. Harmoniki ihesabiwe kwa masafa ya GPS inakoangukia.

Dhana: Sogeza antena, yataisha.

Umbali ukiongezeka maradufu unapata dB 6 tu. Dawa ni kichujio kwenye kebo ya VHF, karibu na redio. Kukifunga upande wa GPS ni kupoteza pesa, kwani harmoniki imeshaingia kwenye masafa yaleyale ya setilaiti. Kuihamishia antena ya VHF tumboni husaidia zaidi: wimbi kwenye masafa ya GPS lina urefu wa sentimita 19 tu, hivyo mwili wa ndege huizuia harmoniki vizuri.

Dhana: Hesabu ya kompyuta imesema sawa, inatosha.

Kompyuta haioni ribiti iliyoota kutu. Jaribu kwenye ndege yenyewe: itoe nje ya hanga, maana paa la mabati huficha setilaiti. Omba ruhusa kwa waongoza ndege mnarani. Rusha mawimbi ya redio ya VHF karibu nusu dakika kwenye kila moja ya megahezi hizi: 121.15, 121.175, 121.2, 131.25, 131.275 na 131.3, ukitazama nguvu ya kila setilaiti. Usiteleze ukagusa 121.5, ni ya dharura.

Ishara zikianguka, chomoa kebo ya antena ya ELT, kile kifaa cha kutoa ishara ya dharura ndege ikianguka, urudie. Zikitulia, ELT ndiyo inayorudisha harmoniki hewani hata ikiwa imezimwa, nayo inahitaji kichujio chake. Kebo irudishwe kabla ndege haijaruka.