Si kila alizeti inawafaa nyuki

Wengi hudhani alizeti yoyote bustanini ni karamu ya nyuki. Sivyo. Aina nyingi zinazouzwa kama maua ya kupamba meza zimezalishwa zisitoe chavua, ili zisichafue kitambaa. Nyuki ataambulia nekta, lakini chavua ya kulishia majana, yaani watoto wa nyuki, hapati.

Alizeti mwitu ya Amerika Kaskazini, Helianthus annuus, ambayo ndiyo asili ya hii tunayokamulia mafuta Singida, hutoa matawi na vichwa vidogo vingi, vinavyochanua kwa zamu. Tazama kimoja kwa karibu: vijiua hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na nyuki huondoka hapo miguu imejaa unga wa manjano. Vikikauka, tafadhali usivikate. Chiriku wa huko huning'inia humo wakidonoa mbegu.