Maji ya mvua yakishapita kiwandani yanahitaji kibali

Kila masika inapokaribia, simu za malalamiko kwetu sisi wakaguzi huongezeka. Mtaro umegeuka rangi ya samli, maji yana povu, kuna harufu ya mafuta, kuku wamekunywa wakafa. Wengi wanaopiga wanaishi chini ya viwanda, katika maeneo ya Dar es Salaam ambayo Mto Msimbazi unayapita ukitoka vilima vya Pugu kuelekea baharini karibu na Daraja la Selander: Vingunguti, Kigogo, Jangwani. Tunakwenda. Mwenye kiwanda anatukaribisha vizuri, anatoa faili, na ndani ya faili kuna kibali halali cha kutiririsha majitaka. Kibali kinataja bomba moja, linalotoka kwenye mabwawa ya kutibu. Maji yaliyoko barabarani hayakutoka kwenye bomba hilo. Yametoka uwanjani, yamepita chini ya geti.

"Hayo ni ya mvua, mtaalamu. Mvua ni ya Mungu."

Sina shaka kwamba wengi wanaosema hivyo wanaamini wanachosema. Lakini mvua ni ya Mungu mpaka inapogusa uwanja wako. Ikishateremka juu ya mapipa ya kemikali, vyuma chakavu, vumbi la saruji au oili iliyomwagika chini ya foklifti, maji hayo yamekuwa ya kiwanda, na mwenye kiwanda anawajibika kwayo sawasawa na majitaka ya uzalishaji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hazimuulizi mtu kama uchafu ulisukumwa na pampu au na mvua. Zinauliza umeingia wapi na umetoka kwa nani.

Tuangalie wingi wake, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea sana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita za mraba 4,000, ambao kwa kiwanda si mkubwa, ukipata mvua ya milimita 50 unakusanya lita 200,000. Hayo ni maboza 20 ya lita elfu kumi kumi. Kama kibali chako kinakuruhusu mita za ujazo 30 kwa siku, jioni moja ya mvua imetoa karibu sawa na wiki nzima ya kibali, bila kupita kwenye bwawa hata moja.

Na maji hayo hayalingani kwa uchafu tangu mwanzo hadi mwisho. Yale ya dakika za kwanza ndiyo mabaya kuliko yote, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kwa sababu yanazoa kila kilichorundikana kwa miezi. Ndiyo maana tunasisitiza sampuli ichukuliwe ndani ya nusu saa ya kwanza tangu maji yaanze kutoka uwanjani. Ukisubiri mvua ipungue ili usilowe, utaleta maabara maji yaliyokwisha kujisafisha, na majibu yatakudanganya wewe mwenyewe kabla ya kutudanganya sisi.

Kuna uwanja mmoja niliouingia mvua ikiwa bado inanyesha, uwanja wa kukusanyia betri mbovu za magari. Betri zilikuwa zimepangwa vizuri, safu kwa safu, juu ya mbao, na mlinzi alikuwa amefagia. Ila hakukuwa na paa. Betri kadhaa zilikuwa zimepasuka vifuniko, maji yanaingia yakifurika kando. Nilichovya karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi, kwenye kijito kilichokuwa kinapita katikati ya safu. Karatasi ikawa nyekundu palepale: pH 3. Kiwango cha kitaifa cha majitaka, TZS 860, kinataka pH kati ya 6.5 na 8.5. Risasi, yaani madini ya ledi yaliyomo kwenye betri, ambayo karatasi haionyeshi, haitakiwi kuzidi miligramu 0.1 kwa lita. Nilikifuata kile kijito kwa miguu. Kilipenya kwenye tundu la ukuta, kikaingia kwenye mfereji mdogo wa udongo, na mfereji ule ulipita kando ya matuta ya mchicha. Mama mmoja alikuwa amejikinga chini ya turubai akingoja mvua iishe, keni mbili za kumwagilia ziko miguuni pake. Mchicha ule ulikuwa umeshafungwa mafungu.

Mwenye uwanja ule hakuwa mtu mbaya. Alishtuka kweli. Lakini mchicha ulishauzwa.

Nirudi kwenye majibu tunayopewa, maana yanajirudia. La kwanza: "Nina cheti cha NEMC," yaani baraza la taifa la mazingira. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kinakuruhusu kuendesha mradi kwa masharti, hakikuruhusu kutiririsha chochote mtoni. Kibali cha kutiririsha kinatolewa na bodi ya maji ya bonde ulimo, na nchi ina mabonde tisa. Dar es Salaam iko ndani ya Wami/Ruvu. La pili: "Nalipa bili ya majitaka kila mwezi." Bili ni malipo ya huduma. Kuingiza maji ya kiwandani kwenye bomba la majitaka kunahitaji ridhaa ya mamlaka ya maji inayomiliki bomba hilo, tena mtandao huo haukujengwa kubeba mvua: ukiunganisha mifereji ya paa kwenye chemba, mtaa wa chini unafurikiwa na kinyesi. La tatu: "Sisi tumechimba shimo, yanazama yenyewe." Yanazama kwenda wapi? Jirani yako ana kisima.

Na lipo jambo ambalo halisemwi ila tunalikuta. Wapo wanaohifadhi majitaka wiki nzima, mvua kubwa ikianza usiku wanafungulia vali, wakiamini mto ukijaa hakuna atakayejua. Kuyachanganya na mvua si kuyatibu. Kiasi cha sumu ni kilekile, kimesafirishwa mbali zaidi tu, na nyumba zinazoingiliwa na mafuriko hubaki na tope lake sebuleni. Huyu hatumpi elimu, tunamchukulia hatua.

Taratibu za hatua hizo ziko hivi. Mkaguzi akithibitisha uchafuzi anaandika taarifa ya ukaguzi na kuchukua sampuli mbele ya mwakilishi wako, ambaye anasaini. Akikataa kusaini, kukataa kwake kunaandikwa na sampuli inaendelea na safari yake ya maabara. Inaweza kufuata amri ya kuzuia shughuli au amri ya kurejesha mazingira, yenye maelekezo ya nini kifanyike na kwa muda gani. Ukikiri kosa kwa maandishi, linaweza kufifilishwa kwa kulipa bila kwenda mahakamani, lakini kulipa hakufuti amri, wala si ruhusa ya kuendelea. Shauri likifika mahakamani, Sheria ya mwaka 2004 kama ilivyotungwa inaweka kwa kosa la uchafuzi faini isiyopungua shilingi milioni tatu na isiyozidi milioni hamsini, au kifungo kisichozidi miaka kumi na miwili, au vyote viwili; na juu ya hapo mahakama yaweza kukuamuru ulipe gharama yote ya kusafisha. Gharama ya kusafisha ndiyo inayoumiza, kuliko faini.

Nchi nyingine zimeyatenga mambo haya. Marekani waliirekebisha mwaka 1987 sheria yao ya maji ya mwaka 1972, na mwaka 1990 wakatoa kanuni za kibali mahsusi cha maji ya mvua, ya viwandani yakiwemo. Kiwanda ambacho kila kitu chake kiko chini ya paa kinaweza kuthibitisha hivyo kikaondolewa sharti hilo. Kwetu yanaingia kwenye kibali kilekile cha kutiririsha majitaka, kwa hiyo ni lazima uyaandike kwenye ombi. Usipoyaandika, hayana kibali.

Hekima ya ile njia ya paa tunaweza kuichukua bila kusubiri kanuni. Mabati juu ya eneo la mapipa, tuta la zege kuzunguka tangi la diseli lenye uwezo wa kushika mafuta yote yaliyomo na ziada kidogo, mifereji ya paa inayopeleka maji safi moja kwa moja nje bila kugusa sakafu, chemba ya kunasia mafuta mbele ya geti inayofunguliwa na kusafishwa kweli. Nimeona chemba nzuri sana zilizojaa mchanga hadi mdomoni. Kiwanda kilichotenganisha maji ya paa na ya uwanja hubakiwa na maji machache ya kutibu, na ombi lake huwa jepesi kwa sababu kiasi kinachoombwa ni kidogo.

Anayekuja kuomba aje na ramani ya kiwanja inayoonyesha maji yanakoelekea (ya mkono inatosha, mradi mishale iwe ya kweli), orodha ya vitu vinavyokaa nje, na matokeo ya maabara ya sampuli ya mvua pamoja na yale ya bomba. Hapo kwenye sampuli ndipo wengi hukwama. Anayeleta ombi Julai hana mvua ya kupima, na atasubiri vuli. Kama uwanjani kwako kunanyesha wiki hii, mweke kijana mmoja na chupa safi karibu na geti.