Waya unaoingia kwenye koklea

Kazi yangu ni kuwasha na kurekebisha vifaa vya usikivu vinavyopandikizwa sikioni. Wengi huvidhania kuwa vipaza sauti vidogo, na sivyo hata kidogo. Kifaa cha kawaida hukuza sauti tu, kikitegemea seli zenye vinyweleo zilizomo kwenye koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama konokono. Seli hizo zikifa, hata upige kelele vipi, neva inayopeleka sauti kwenye ubongo haipati kitu. Kipandikizi huziruka na kuisisimua neva yenyewe kwa umeme.

Mwaka 1957 huko Paris, André Djourno na Charles Eyriès walionyesha kuwa umeme unaweza kumfanya kiziwi asikie. William House wa Los Angeles akafuata mwaka 1961. Lakini kifaa chake kilichokuja kuenea kilikuwa na njia moja tu ya umeme, na koklea imepangwa kama kinanda: sauti nyembamba hupokelewa mlangoni, nzito kule ndani kabisa. Kwa njia moja unapata mapigo ya usemi, si maneno.

Ilihitajika elektrodi nyingi, yaani ncha ndogo za kutoa umeme, kwenye waya mmoja, nao upenye mizunguko ile bila kuchana chochote. Graeme Clark wa Melbourne alipata jibu ufukweni mwaka 1977, akisukuma majani ndani ya ganda la konokono wa baharini. Jani gumu shinani na laini nchani ndilo lililozama. Tarehe 1 Agosti 1978 alimpandikizia kifaa chake mgonjwa Rod Saunders. Huko Vienna, Ingeborg na Erwin Hochmair walikuwa na kifaa chao cha njia nyingi tangu Desemba 1977.

Hata hivyo, kwangu mimi hatua kubwa ni ya mtafiti Blake Wilson, mwaka 1991. Elektrodi zikiwaka pamoja, umeme wake huchanganyika kwenye majimaji ya koklea. Yeye aliziwasha moja baada ya nyingine, kwa kasi sana, na watu wakaelewa sentensi vizuri zaidi bila kutazama midomo.

Siku ya kuwasha, napandisha umeme polepole, elektrodi moja moja, mgonjwa akiinua mkono anaposikia. Wengi mwanzoni husikia milio mitupu, kwa kuwa ubongo unahitaji miezi ya kujifunza. Mama mmoja aliniuliza ni nini kinachochakarika. Ilikuwa karatasi mkononi mwangu.