Igizo la sebuleni siyo chakula cha kuagiza

Watu wakisikia kuna waigizaji wanaenda kucheza igizo sebuleni kwa mtu wanasema ah, hayo mambo yamekuja na korona, tumezoea kuletewa kila kitu mlangoni, chipsi, gesi, sasa na maigizo. Sio kweli kabisa. Kraków, Poland, 1941, Wajerumani wameshaikalia nchi, Mieczysław Kotlarczyk akaanzisha kikundi cha kucheza kwa siri kwenye nyumba za watu, na Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wakikukuta unaweza kuishia kambi ya mateso. Mmoja wa waigizaji alikuwa kijana Karol Wojtyła, ndio huyohuyo aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II. Siku moja yuko katikati ya shairi, vipaza sauti vya Wajerumani huko nje vikaanza kutangaza ushindi wao vitani, jamaa akaendelea kukariri vilevile kama hajasikia kitu.

Eti pia wanaocheza majumbani ni waliokosa kipaji cha ukumbini. Vlasta Chramostová alikuwa staa wa jukwaa na sinema kule Czechoslovakia, serikali ikampiga pini, basi kuanzia 1976 akawa anacheza kwenye fleti yake Praha, na 1978 wakaipiga Macbeth, ile tamthilia ya Shakespeare, humohumo, waigizaji watano tu. Na Timbre 4, ukumbi wa maigizo wa Claudio Tolcachir kule Buenos Aires, Argentina, ulianzia nyumbani kwake, jina lenyewe ni kengele ya mlango namba 4.

Ila inayonichekesha zaidi ni hii ya kwamba mtazamaji anakula raha, si yuko kwake bwana. Raha gani? Simu huwezi hata kuichungulia, mwigizaji yuko nusu mita anakuona, na kwenda chooni usahau maana njia inapita katikati ya igizo. Mimi niliwahi kucheza kwa mama mmoja Sinza, masofa tumeyarundika koridoni, nimefika sehemu ya kunong'ona, friji ikaanza kunguruma. Ukumbini ningepandisha sauti, pale nikaona nitaharibu, nikaigeukia friji nikaisubiri inyamaze, watu wote kimya tunaitazama, mara katoto kamoja chini ya meza kakasema, "Si uichomoe tu?" Nikaichomoa. Mama mwenye nyumba hakusema kitu, ila igizo lilipoisha alikimbilia kwanza kuichomeka, ndio akarudi kupiga makofi.