Sehemu ni Namba Moja: Dhana Potofu Zinazowakwamisha Wanafunzi Wetu

Hapa Uganda mwanafunzi hukokotoa sehemu kwa wingi tangu darasa la tano, akaendelea nazo hadi mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kisha akaingia kidato cha kwanza ambako aljebra inamtaka awe amekwisha kuzielewa. Makosa anayoyafanya njiani huitwa uzembe. Naamini mengi si uzembe hata kidogo: yana mantiki yake, na karibu yote yanatokana na mwanafunzi kuitazama sehemu kama namba mbili zilizopandiana, badala ya kuiona kuwa namba moja yenye mahali pake kwenye mstari wa namba.

Dhana inayojitokeza mapema ni kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/6 kwa sababu 8 inazidi 6. Ukweli ni kwamba asili, yaani namba ya chini, ikiongezeka, kizima kimekatwa vipande vingi zaidi na kila kipande kimepungua. Karatasi mbili za urefu mmoja zinatosha kulionyesha hilo, mradi mwalimu asiishie hapo, bali aulize pia kuhusu 5/6 na 7/8, kwa maana aliyekariri tu kwamba asili kubwa huleta sehemu ndogo atakosea tena.

Inayosumbua zaidi ni ile ya kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, hata 1/2 + 1/3 ikawa 2/5. Wengi wetu hujibu kwa kurudia kanuni ya kigawe kidogo cha shirika, bila kujiuliza mwanafunzi ameitoa wapi njia yake. Ameitoa kwenye daftari lake la majaribio. Akipata 7/10 wiki hii na 12/20 wiki inayofuata, mwalimu mwenyewe humwandikia jumla ya 19/30, na hakuna aliyekosea, kwa kuwa alama zinahesabiwa juu ya maswali na kizima chenyewe kimekua kutoka 10 hadi 30. Katika 1/2 + 1/3, kizima ni kilekile kimoja kwa sehemu zote mbili: nusu kilo ya sukari iliyoongezewa theluthi ya kilo. Tofauti hiyo inafaa kusemwa waziwazi darasani, kisha mwanafunzi aitafute 2/5 kwenye mstari wa namba na kuona kwamba iko nyuma ya nusu. Sukari iliyoongezwa imepunguaje? Akishatatizwa na swali hilo, 3/6 + 2/6 = 5/6 itakuwa jibu la jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka kulijua.

Tatizo hili si la Uganda peke yake. Katika tathmini ya kitaifa ya Marekani ya mwaka 1978, wanafunzi wa miaka 13 walitakiwa wakadirie tu 12/13 + 7/8, wakachague kati ya 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia 1, hivyo jibu ni 2, lakini waliolichagua walikuwa asilimia 24. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha viasi (namba za juu) peke yake au asili peke yake.

Kwenye namba mchanganyiko, kosa la kwanza hujificha katika uandishi. 2½ ni 2 jumlisha ½, ingawa alama ya kujumlisha haionekani. Mwanafunzi huyohuyo akifika kidato cha kwanza anaambiwa kwamba 2x ni 2 mara x, tena bila alama yoyote katikati. Asipoambiwa kwamba hizi ni desturi mbili tofauti, ataichukua 2½ kuwa 2 mara ½ na kupata 1, na sioni haki ya kumlaumu.

Kosa la pili ni kuzidisha vizima peke yake na sehemu peke yake: 3½ × 2½ ikawa 6¼. Hapa mchoro unafaa kuliko maelezo marefu. Chukua kitalu cha mboga ya nakati chenye urefu wa mita 3½ na upana wa mita 2½, ukikate kwa mistari miwili penye mita 3 na mita 2. Yanapatikana maeneo manne: 6, 1½, 1 na ¼, ambayo jumla yake ni mita za mraba 8¾. Aliyejibu 6¼ ameyaacha maeneo mawili ya kando bila kuyahesabu, na mchoro unamwonyesha ni yapi.

Katika kutoa, 5¼ − 2¾ mara nyingi hujibiwa 3 2/4, kwa kuwa mwanafunzi hutoa ndogo kutoka kubwa popote ilipo. Jibu sahihi ni 2½, nalo hupatikana kwa kuvunja kizima kimoja ili 5¼ iwe 4 na 5/4. Aliyefundishwa kwa chapati zilizokatwa peke yake hukwama hapo, akiuliza vipande vitano vitatokaje kwenye chapati yenye vipande vinne. Kwenye mstari wa namba 5/4 haina ajabu: ni hatua moja ya robo baada ya 1.

Walimu nao tuna dhana yetu, kwamba kila namba mchanganyiko sharti igeuzwe kwanza kuwa sehemu yenye kiasi kinachozidi asili. Katika kuzidisha na kugawanya njia hiyo inarahisisha kazi. Katika kujumlisha huongeza mzigo tu: 12⅚ + 7¾ ni 19 na 19/12, yaani 20 7/12, ilhali aliyegeuza anahangaika na 247/12.

Iko pia imani kwamba kugawanya daima hupunguza. Katika utafiti alioutoa mwaka 1999, Liping Ma aliwapa walimu wa China na wa Marekani swali la 1¾ ÷ ½. Walimu wote 72 wa China walilikokotoa sawasawa, lakini kwa upande wa Marekani hawakufika nusu, na baadhi yao walipotakiwa kutunga hadithi ya swali hilo walitunga ya kugawanya kwa 2. Sisi tunayo hadithi dukani: kilo 1¾ za sukari zikifungwa katika mifuko ya nusu kilo, zinajaza mifuko mingapi? Mitatu na nusu, na ile nusu ya mwisho ni nusu ya mfuko, si nusu ya kilo. Hilo nalo linastahili kujadiliwa.

Wengine husema desimali zimeziondolea sehemu kazi. Ardhi yetu hupimwa kwa kipimo ambacho nacho huitwa desimali, 100 kwa ekari, na anayenunua desimali 25 amenunua robo ekari. Lakini ndugu watatu wakirithi ekari moja, hakuna namba ya desimali yenye mwisho itakayowagawia sawa. Kila mmoja anastahili theluthi ya ekari, yaani desimali 33⅓.