Kwa nini shirika la ndege huharakisha kukupa vocha badala ya nauli yako?

Abiria ambaye safari yake imefutwa hupokea, mara nyingi kabla hata hajafikiria afanye nini, ujumbe wa kumwarifu kwamba thamani ya tiketi yake imegeuzwa kuwa vocha ya kutumia katika safari nyingine. Ujumbe huo huandikwa kwa maneno ya ukarimu, kana kwamba anatunukiwa. Je, kwa nini asirudishiwe tu fedha alizolipa?

Katika daladala, konda hudai nauli abiria akiwa amekwisha kupanda. Tiketi ya ndege hulipiwa wiki au miezi kadhaa kabla ya safari, na fedha hizo, ingawa vitabu vya hesabu huziandika kuwa deni mpaka abiria asafirishwe, aghalabu huwa zimekwisha kwenda kwenye mafuta, mishahara na gharama za kukodi ndege. Kwa maneno mengine, anayenunua tiketi leo ndiye anayemgharimia anayeruka leo. Maadamu wanunuzi wanaendelea kuja, mzunguko huo haumsumbui mtu; wakikatika ghafla, kama ilivyokuwa wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020, shirika hujikuta linadaiwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Vocha huliwezesha kubaki na fedha. Kwa hakika huo ni mkopo usio na riba ambao abiria hakuombwa kuutoa, na shirika likifilisika, mwenye vocha husubiri pamoja na wadai wengine wasio na dhamana yoyote. Tena vocha nyingine husahaulika mpaka muda wake unapita.

Ndiyo maana sheria zimeingilia kati. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamtaka msafirishaji aliyefuta safari arejeshe nauli ndani ya siku 7, na inaruhusu vocha pale tu abiria anapokubali kwa saini yake. Katika majira ya machipuko ya 2020 nchi 12 wanachama ziliomba sharti hilo lilegezwe, lakini Tume ya Ulaya ilikataa. Wasafiri wetu wakumbuke kwamba kanuni hiyo ya Ulaya hulinda kila safari inayoanzia nchi ya Umoja wa Ulaya, ilhali safari ya kwenda huko hulindwa ikiwa ndege ni ya shirika la Umoja huo: anayetoka Nairobi kwenda Amsterdam na KLM, shirika la Uholanzi, amo, anayepanda Kenya Airways kwa njia hiyohiyo hamo, ila wakati wa kurudi wote wawili wamo. Marekani nayo, kwa kanuni ya mwaka 2024, imeagiza nauli irejeshwe bila abiria kuhangaika kuidai, ndani ya siku 7 za kazi kwa aliyelipa kwa kadi ya mkopo na siku 20 kwa njia nyingine, iwapo safari imefutwa na abiria hakukubali safari mbadala wala vocha.

Haki zote hizo, hata hivyo, hutegemea swali moja dogo ambalo wengi hulipuuza: ni nani aliyefuta safari? Abiria anayeona dalili mbaya akakimbilia kujiondoa mwenyewe hurudi chini ya masharti ya tiketi yake, na tiketi ya bei nafuu kwa kawaida hairejeshwi nauli, pengine isipokuwa ushuru wa viwanja vya ndege. Angalisubiri shirika litangaze lenyewe, angelipwa yote. Mimi ningesubiri.

Aliyelipa kwa kadi akazungushwa anaweza pia kuiomba benki iliyomtolea kadi irudishe malipo kwa hoja kwamba huduma haikutolewa. Ombi hilo lina ukomo wa muda, na huwa gumu mno kulitetea ikiwa mwombaji amekwisha kubonyeza kitufe cha kuikubali vocha.